Kilosa na Mikumi: Nyumba nafuu huanza na kiwanja salama

Na Mwandishi Wetu

MVUA kubwa zilizonyesha mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 ziliufanya Mto Mkondoa uvunje tuta lake na kumwaga maji katika mji wa Kilosa, mkoani Morogoro. Nyumba nyingi, hasa zile zilizojengwa kwa miti na udongo au kwa tofali mbichi, ziliporomoka, na maelfu ya wananchi wakajikuta wakiishi katika mahema.

Maji hayo hayakuchagua. Reli ya Kati, ambayo kati ya Kilosa na Gulwe hufuata bonde la mto huo, nayo ilikatika, na safari za treni ya abiria kwenda bara zikasimama kwa miezi kadhaa.

Baada ya zaidi ya muongo mmoja, reli ilipata dawa yake. Reli ya kisasa (SGR), ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, inapita katika milima ya Kilosa kwa mahandaki na madaraja. Wahandisi walioichora walifahamu kwamba bonde la Mkondoa si mahali pa kuweka mali ya thamani bila hesabu.

Nyumba za wananchi hazikupata mchoraji wa namna hiyo. Wengi hujenga pale walipopata kipande cha ardhi kwa bei wanayoimudu, na mara nyingi kipande cha bei rahisi ndicho kilicho karibu na maji.

Swali linalofaa kuulizwa, basi, ni hili: nyumba bora yenye gharama nafuu inapatikanaje katika wilaya ya vijijini, ambako wakazi wengi hawana mshahara wa mwezi? Ukifuatilia historia ya Kilosa, sheria za ardhi na hesabu za ujenzi, utaona kwamba nyumba hiyo huanza na kiwanja kilichopangwa na kupimwa mahali salama, kabla hata tofali la kwanza halijawekwa.

Nani alijenga Kilosa?

Wilaya ya Kilosa ilikuwa na wakazi 438,175 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, baada ya Gairo kutengwa na kuwa wilaya. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, lakini miji yake ilizaliwa na waajiri wakubwa.

Wa kwanza alikuwa reli. Wajerumani walifikisha njia ya treni Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ikawa mji wa stesheni, wenye nyumba za watumishi wa reli. Baadaye, katika miaka ya 1960, tawi la reli liliunganisha Kilosa na Mikumi hadi Kidatu.

Wa pili alikuwa mkonge. Mashamba ya Kimamba na maeneo jirani yalijenga kambi za vibarua, nyumba zilizopangwa mistari, familia moja ikipewa chumba kimoja au viwili. Wa tatu ni sukari, ambayo kiwanda cha Ruembe na mashamba ya miwa ya kusini mwa wilaya vimevuta watu Kidodi na Ruaha hadi leo.

Nyumba za aina hiyo zilikuwa na kasoro moja kubwa: mwenye kazi ndiye mwenye chumba. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba kuzorota, kambi zilichakaa pamoja na mashine, na aliyepoteza ajira akapoteza na paa. Tangu hapo, mkazi wa kawaida wa wilaya hii amejijengea mwenyewe, kidogo kidogo, kwa fedha za mavuno, biashara ndogo au za mtoto aliye mjini.

Mikumi ina historia yake. Mji huu mdogo umekua kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, penye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Upande mmoja umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mji wa aina hiyo hauwezi kutanuka kila upande. Kila kipande kinachojengwa hovyo leo ni kipande ambacho kesho hakitapata mbadala.

Hesabu ya mkopo

Upungufu wa nyumba nchini umekuwa ukikadiriwa kuwa nyumba milioni 3, huku mahitaji mapya yakitajwa kuwa nyumba 200,000 kila mwaka. Linapotajwa suala la kuziba pengo hilo, wengi huwaza Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, au mikopo ya benki.

Njia hizo zina nafasi yake, hususan kwa watumishi wa umma waliopangiwa kazi wilayani. Walimu, wauguzi na maofisa ugani wenye hati ya mshahara wanaweza kukopa au kununua. Hata hivyo, kwa mkulima wa Rudewa au muuza mboga wa stendi ya Mikumi, hesabu inakataa.

Chukulia mkopo wa Sh20 milioni kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, unaolipwa kwa miaka 15. Rejesho la kila mwezi litakuwa takribani Sh294,000, na hadi mwisho mkopaji atakuwa amelipa karibu Sh53 milioni. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani kuwa Sh140,000 kwa mwezi. Rejesho la mwezi mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mshahara huo.

Si ajabu basi kwamba soko la mikopo ya nyumba limebaki dogo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu. Pamoja na hatua hizo, mwanzoni mwa miaka ya 2020 nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 6,000 tu, ilhali Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120.

Jirani zetu wa Kenya wamejaribu njia nyingine. Sheria yao ya nyumba nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huchangia kiasi kama hicho, ili fedha zijenge nyumba. Utaratibu huo umezua kesi na mabishano huko huko, lakini jambo la kujifunza kwetu ni jingine: tozo ya mshahara hushika palipo na mishahara. Katika wilaya ambayo wengi hupata fedha mara moja kwa msimu, mpango wa nyumba ni lazima uendane na mfuko wa msimu.

Kiwanja kwanza

Mtu anayejenga kidogo kidogo anaweza kusubiri dirisha, anaweza kusubiri plasta, anaweza hata kuishi miaka mitano kwenye chumba kimoja huku akiongeza vingine. Kitu ambacho hawezi kukirekebisha baadaye ni mahali alipojenga. Nyumba ikishasimama mkondoni mwa maji au katikati ya barabara ijayo, fedha zote alizotia humo ziko hatarini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inazitaka mamlaka za upangaji kuwa na michoro inayoonyesha makazi, barabara, masoko, shule na maeneo ya wazi. Kwa upande wa vijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinatoa nafasi kwa kijiji kugawa ardhi yake kwa makazi, kilimo, malisho na misitu.

Kilosa inaujua vizuri uzito wa jambo hili. Wilaya hii imeshuhudia mapigano ya wakulima na wafugaji, likiwamo tukio la Desemba 2000 katika eneo la Rudewa Mbuyuni lililogharimu maisha ya makumi ya watu. Mipaka isiyoeleweka huleta hasara kubwa kuliko gharama za kupima.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya halmashauri yoyote inayotaka nyumba nafuu ni kuwahi. Eneo linapaswa kupangwa kabla halijavamiwa, kwa kuwa kupanga baada ya watu kujenga humaanisha kubomoa, kulipa fidia na kugombana.

Hesabu yake si ngumu. Hekta moja ni meta za mraba 10,000. Ukitenga asilimia 40 kwa barabara, mifereji na huduma, zinabaki meta za mraba 6,000, ambazo zinatoa viwanja 15 vya meta za mraba 400. Hekta 20 zilizo mwinuko mzuri zinatosha familia 300. Kwa wilaya yenye mashamba makubwa ya zamani, ambayo baadhi yamekuwa yakilalamikiwa kwa miaka mingi kuwa hayaendelezwi, ardhi ya kiasi hicho si ndoto.

Fedha za kupima zinatoka wapi? Katika mwaka wa fedha 2021/22, Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi ilianza kuzikopesha halmashauri kutoka fungu la Sh50 bilioni bila riba, kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi. Halmashauri hupima, huuza viwanja na kurejesha mkopo, ili fedha zile zile zikapime kwingine.

Njia nyingine ni ubia na wenye mashamba. Badala ya halmashauri kutafuta fedha za fidia ambazo haina, mwenye shamba hukubali lipimwe, sehemu ya viwanja ikawa yake na sehemu ikaenda kwa mamlaka kulipia upimaji na barabara. Jiji la Dodoma limewahi kutumia utaratibu wa kugawana viwanja kwa namna hiyo.

Ipo tahadhari hapa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulijilipa kwa mauzo ya viwanja, lakini wachambuzi wa masuala ya ardhi walieleza kuwa wengi wa walionufaika walikuwa watu wenye uwezo, na viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa huku vikisubiri bei ipande. Endapo viwanja vya Kilosa na Mikumi vitauzwa kwa fedha taslimu na kwa mara moja, stesheni mpya ya reli na magari ya watalii vitawaleta wanunuzi kutoka mbali, na mkazi atasukumwa kurudi bondeni.

Dawa yake inajulikana: sehemu ya viwanja itengwe kwa wakazi, viwe vidogo, vilipwe kwa awamu zinazofuata msimu wa mavuno, na asiyejenga kwa muda uliokubaliwa kiwanja kirudi.

Tofali lisilokula msitu

Kiwanja kikipatikana, ndipo linapokuja suala la nyumba yenyewe. Mkoani Morogoro tofali la kuchoma ndilo linalopendwa, kwa kuwa udongo upo na mafundi wapo. Tatizo ni tanuri. Kuni zinazochoma tofali za nyumba moja hutoka kwenye misitu ile ile ya milimani inayoshika udongo na kupunguza kasi ya maji. Anayechoma tofali leo kwa miti ya mlimani anaweza kuwa anamwandalia jirani yake wa bondeni mafuriko ya kesho.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA), ulioanzishwa mwaka 2001 kutokana na kitengo cha utafiti cha miaka ya 1970, umekuwa ukihamasisha tofali za kufungamana. Tofali hizi hutengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kisha hukaushwa kivulini huku zikimwagiliwa maji. Hazichomwi. Kwa kuwa zinashikana zenyewe, hupunguza sana saruji ya kujengea, na ukuta wake hauhitaji plasta kwa nje.

Si kila udongo unafaa. Udongo wenye mchanga wa kutosha na mfinyanzi kiasi ndio unaotakiwa. Ule mweusi wa mbugani, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, haufai kwa tofali wala kwa msingi usioimarishwa. Ndiyo maana udongo hupimwa kwanza, kazi ambayo ofisi ya mhandisi wa halmashauri inaweza kuisimamia kwa eneo zima badala ya kila mjenzi kubahatisha.

Mashine moja inaweza kumilikiwa na kikundi cha vijana au wanawake. Halmashauri zote nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo ukinunua mashine ya tofali, unazaa ajira na nyumba kwa wakati mmoja.

Zaidi ya ukuta, yako mambo madogo yanayotofautisha nyumba bora na nyumba tu. Msingi uinuliwe juu ya ardhi, hasa palipo tambarare. Mkanda wa zege wenye nondo ufungwe juu ya milango na madirisha. Bati la geji 30 ni rahisi dukani, lakini la geji 28 ni nene zaidi na hudumu. Paa litoke nje ya ukuta ili mvua isilambe tofali.

Jambo jingine ni ule uwazi unaoachwa kati ya ukuta na paa. Tafiti zilizofanywa katika Bonde la Kilombero, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikichunguza malaria kwa miongo mingi, zimeonyesha kwamba mbu wengi waenezao ugonjwa huo huingilia hapo. Kuuziba au kuuwekea wavu ni gharama ndogo, na humlinda mtoto kila usiku.

Funzo kutoka vijijini

Wapo watakaosema kwamba mipango ni maneno ya wataalamu na haileti ugali mezani. Kilosa yenyewe ina jibu. Tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa vya wilaya hii, kikiwamo Ulaya Mbuyuni, viliingia katika mpango wa mkaa endelevu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA.

Vijiji hivyo vilipanga kwanza matumizi ya ardhi yake. Kisha sehemu ya msitu iligawanywa katika vitalu vya meta 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kuruka kimoja baada ya kingine na kuachwa vichipue kwa miaka 24. Ushuru wa mkaa uliingia katika mfuko wa kijiji na kugharimia huduma kama madarasa na zahanati. Mpango haukukosa misukosuko, hasa kanuni za Serikali za uvunaji zilipobadilika, lakini ulithibitisha kwamba kijiji chenye ramani yake kinaweza kupata fedha na bado kikabaki na msitu.

Kama msitu unaweza kugawanywa kwa vitalu ukasimamiwa na mkutano wa kijiji, makazi nayo yanaweza. Kijiji kinachojua wapi msitu uishie, kinaweza kujua wapi nyumba zianzie.

Gharama ya kuchelewa inafahamika. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Baadaye Serikali na wadau walijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo jipya la Gidagamowd kwa ajili ya waathirika. Lilikuwa jambo jema. Lakini kiwanja salama kilipatikana baada ya mazishi.

Kilosa ilipewa onyo lake mwaka 2009, na mto haujahama. Halmashauri ina sheria mkononi, ina maeneo ya mwinuko, ina udongo wa tofali na ina wananchi ambao tayari wanajenga kwa fedha zao wenyewe kila msimu. Wanachokihitaji kutoka kwa Serikali yao ni kuonyeshwa mapema, kwa bei wanayoiweza, mahali pa kuchimbia msingi.

Mvua za msimu huu zikianza milimani Ukaguru na Rubeho, maji yatashuka Mkondoa kama yalivyoshuka siku zote. Reli mpya imekwishajua mahali pa kupita. Mwenye nyumba ya bondeni bado anasubiri kuambiwa mahali pa kuhamia.